Ng'ombe wa Londiani na Pikipiki Nyekundu ya Bomet

Tangu Jumapili wote mnaniuliza swali moja: ulitoka hapa Alhamisi na Kabati, sasa Kabati iko wapi? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, na kila nikijibu kuna mahali naruka. Kwa hivyo naandika yote mara moja. Mambo ya simu, picha na karatasi za umiliki nayaacha, hayana utamu.

Kwa yule ambaye ataletewa maandishi haya bila kunijua: mimi ni Moraa, fundi wa cherehani hapa Nakuru. Hakuna aliyenifundisha. Nilifungua mashine ya mama nikiwa kidato cha pili, nikashindwa kuirudisha, na woga wa kuchapwa ukawa ndio shule yangu. Pikipiki pia nilijifunza hivyo hivyo, peke yangu, kwenye uwanja wa mpira, na daftari mfukoni. Kabati ni pikipiki yangu kubwa ya safari ndefu. Nyinyi ndio mlioipa jina hilo kwa sababu ya masanduku yake matatu. Inabeba hema, sufuria, jiko na mimi, na inakwenda siku nzima bila kulalamika. Lakini kwenye kona inageuka kama lori la mawe. Ndiyo maana niliwaambia nataka ya pili, nyepesi, ya kulala kwenye kona, ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo bila sanduku hata moja.

Hiyo ndiyo sababu niliyowapa. Ya kweli ni hii. Mwaka jana nilipoanguka pale karibu na Londiani, niliwaambia ng'ombe alivuka barabara ghafla. Mlikuja kuniona na bega limefungwa, mkamlaani huyo ng'ombe mpaka nikaona aibu. Hapakuwa na ng'ombe. Niliingia kona, nikaona pua ya lori, lori lililokuwa upande wake kabisa, halina kosa, nikakanyaga breki katikati ya kona kwenye lami yenye maji. Niliangushwa na woga. Tangu siku hiyo sijailaza pikipiki upande hata kidogo. Tukiendesha pamoja, mlidhani nikibaki nyuma ni heshima.

Nilikuwa nimeamua hivi: naenda kujaribu pikipiki tatu. Nikishindwa kulaza hata moja, nauza Kabati pia, narudi kupanda basi, na hamtajua kwa nini.

Nakuru hadi Londiani

Nilikuwa na daftari lenye orodha ya mambo sitini na mawili ya kukagua, kuanzia unene wa cheni hadi sauti ya feni ya injini. Niliipanga kwa rangi tatu za kalamu. Msicheke.

Kona yangu, ile niliyoangukia, niliipita saa tatu asubuhi kwa mwendo wa baiskeli. Iko msituni, miti imebana barabara pande zote mbili, na huoni chochote hadi umefika. Nyuma yangu kulikuwa na lori la mbao. Dereva hakupiga honi. Alinifuata polepole tu kama watu wanavyofuata jeneza, na hilo liliniuma kuliko honi.

Pikipiki ya kwanza ilikuwa ya mkulima wa viazi, mzee mwenye koti la mvua hata jua likiwaka. Ilikuwa ndani ya stoo, nyuma ya magunia. Nilifika siku ile ile lori la viazi lilipokuja.

"Ngoja kidogo, msichana," akaniambia. "Tukitoa viazi tutaiona."

Kidogo hicho kilichukua saa nne nzima. Nililetewa viazi vilivyochemshwa na maganda yake, chumvi kwenye karatasi, na maziwa kikombe kizima. Kila nilipomaliza kiazi, mke wake aliweka kingine. Nilipokataa cha sita, aliniuliza kama ninaumwa.

Magunia yalipoisha, ilitokea: nyeupe na buluu, silinda nne, imetulia gizani kama kitu ambacho hakikutengenezwa na watu. Nilipoiwasha, sauti ilipita kwenye mabati ya stoo, nikaisikia kifuani. Niliiendesha hadi barabara ya msituni na kurudi. Ilitaka kwenda, mimi nikaizuia kila mahali. Kwenye kila kona niliinyoosha wima, mikono imekakamaa.

Mzee aliniangalia nikishuka. "Unaiendesha kama umebeba mayai," akasema, bila ubaya wowote.

Nilimshukuru, nikamwambia ina nguvu kunizidi. Ilikuwa kweli nusu. Kwenye daftari nikaandika: imenishinda moja.

Londiani hadi Soin

Nililala Kericho, na Ijumaa asubuhi nikateremka kwenda Soin. Ukitoka kwenye baridi ya chai ukashuka huko, joto linakupokea barabarani kama mlango wa jiko uliofunguliwa. Nilivua sweta mbili kabla ya kufika senta.

Kijana mwenye pikipiki alikuwa ananingoja na miwa, kipande chake na kipande changu. Pikipiki ilikuwa ya njano, ina vioo vya mbele vilivyochongoka, mkia umeinuka juu, stika za moto kila upande. Nilipiga goti kuangalia injini. Niliijua mara moja. Ni ile ile ya bodaboda, silinda moja, ambayo imebeba kuku, mahindi na wajawazito nchi hii yote.

"Ndugu yangu," nikasema, "hii ni boda imevaa suti."

Akacheka mpaka akatema miwa. "Lakini si suti inaikaa?"

"Inaikaa."

"Basi nunua suti, boda nikuongeze."

Tulicheka wote wawili, tukamaliza miwa, nikaondoka. Nikiwa napanda mlima kurudi, nilijikuta naimba ndani ya helmeti. Ilinichukua kilomita kadhaa kuelewa furaha hiyo ilitoka wapi. Nilifurahi kwa sababu sikulazimika kujaribu. Nikaacha kuimba.

Kericho, kwenye mvua

Mvua ya Kericho ina saa yake kama mfanyakazi. Saa tisa ilinikuta katikati ya mashamba, nikakimbilia kibanda cha kupimia majani chai. Wachumaji walikuwa wamejaa ndani na vikapu vyao, wakaniachia nafasi ukutani. Waliitazama Kabati nje ikilowa.

"Dada, unahama?" akauliza mmoja.

"Hapana, natembea tu."

"Na kitanda umeacha?"

Kibanda kizima kikacheka. Mama mmoja akanimiminia chai kutoka kwenye chupa, ya rangi, tamu mno. Pembeni yake alikuwa na fito refu, limenyooka, laini kwa kushikwa. Nilidhani ni la kuchungia. Mvua ilipopungua alinitoa nje kunionyesha: analilaza juu ya vichwa vya miti ya chai, na jani lolote linalopita juu ya fito ndilo la kuchuma. Wanafanya hivyo kila siku, mti kwa mti. Ndiyo sababu shamba zima liko sawasawa kama meza.

Mimi ninayepima mshono kwa rula nilisimama pale nikiwa mdogo kabisa. Milima mizima imesawazishwa kwa mkono na fito. Jua lilitoka, mvuke ukaanza kupanda, na kijani kile kikawa na mwanga wake chenyewe, kana kwamba taa iko chini ya udongo. Mbali ng'ambo lori la majani lilikuwa likipita. Magurudumu hayakuonekana, ila bodi yake tu ikiteleza juu ya kijani, ikizunguka kona moja hadi nyingine, na haikupotea machoni hata mara moja.

"Umewahi kuona chai?" mama akaniuliza, kwa jinsi nilivyoduwaa.

"Nimeinywa tu," nikasema.

Kericho hadi Kaplong, na Kaplong hadi Bomet

Sasa niwaeleze kwa nini Bomet niliiweka ya mwisho. Mwenye pikipiki, Mwalimu Chelang'at, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, aliniambia kwa simu: "Ukija kuichukua, kuja na kamba yako." Nikajua tayari haiwaki, ni ya kuvutwa. Nikaiandika mwisho kwa kalamu nyekundu, halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikanunua kamba ya nailoni ya buluu, mita kumi, nikaiweka ndani ya sanduku la kulia.

Jumamosi nilipita Litein na ukungu, nikasimama Kaplong kwa chapati na maharagwe. Mhudumu aliniuliza nimemleta mgonjwa gani kwenye hospitali ya pale. Nikamwambia sina mgonjwa, naenda kuona pikipiki. Akaiangalia Kabati mlangoni, akaniangalia mimi. "Si hiyo unayo?"

Mbele ya Kaplong mashamba ni ya watu binafsi: chai, kipande cha mahindi, ng'ombe watatu, chai tena. Kwa Mwalimu nilifika saa tano. Alikuwa ameketi getini kwenye kiti cha plastiki, mkongojo magotini, mwanamke mrefu mwenye miwani. Ng'ombe wake wa maziwa alikuwa amesimama katikati ya njia, nikampita karibu nimguse.

"Chamgei," akanisalimu.

"Chamgei, Mwalimu."

"Ndiyo wewe wa cherehani? Na hii umekuja nayo ni duka?"

Hakunionyesha pikipiki. Alinionyesha kiti. Akaleta mursik, maziwa yale yaliyolala kwenye kibuyu yakawa mazito na kijivu cha mkaa, na ugali wa moto. "Kunywa kwanza. Hiyo haina miguu, haitoroki." Nikanywa. Ilinikata ulimi kwa uchachu, halafu nikaomba tena, na hapo ndipo nilipomwona akitabasamu.

Tulipomaliza nikaenda kwenye sanduku, nikatoa kamba yangu mita kumi. "Tutafungia wapi, Mwalimu? Kwenye uma wa gurudumu la mbele?"

"Kufungia nini?"

"Kamba ya kuivuta. Si haiwaki?"

Alicheka hadi akashika mkongojo kwa mikono miwili. "Watoto wa tao, nyinyi wa mjini! Nani alisema haiwaki?"

"Wewe ulisema nije na kamba."

"Mama, ng'ombe akiuzwa hapa kwetu, kamba yake inabaki. Mnunuzi anakuja na yake. Ukienda na ng'ombe na kamba, unataka kuniachia boma tupu?" Akatoa mfukoni ufunguo mmoja uliofungwa kwa ukanda mweusi wa ngozi. "Nimekaa na pikipiki hii miaka tisa. Goti ndilo limekataa kukunjwa. Nitaiuza kama gunia? Ufunguo utaenda. Hii ngozi inabaki."

Kona saba

Ilikuwa nyekundu, silinda mbili, cc 300, nyembamba kiunoni. Nilifungua daftari. Kioo cha kulia kina ufa. Klipu mbili hazipo. Kiti kilishonwa upya kwa mkono, kwa uzi wa buluu, na mishono haikulingana, mmoja mfupi, mmoja mrefu, kama meno ya mtoto. Nilikuwa nimefika jambo la kumi na tisa Mwalimu alipofunga daftari langu kwa mkongojo.

"Mtu akitaka ng'ombe wangu, anamkamua kwanza nikiwa hapo. Nione mkono wake. Ng'ombe akiruka, simpi. Teremka na hii hadi banda la majani pale chini, kona saba, urudi."

"Utaniona kutoka hapa?"

"Nitakusikia."

Nikateremka. Barabara ilikuwa kavu, nyembamba, ikijipinda ndani ya chai. Nikarudi. Nilidhani nimejitahidi.

"Kona ya pili umekanyaga breki," Mwalimu akasema. "Ya tatu umekanyaga. Ya tano nilidhani umesimama kununua mboga. Nani alikuangusha?"

"Ng'ombe alivuka, Mwalimu."

Akamtazama ng'ombe wake getini, akanitazama mimi. "Mtu ameangushwa na ng'ombe anaogopa ng'ombe. Wewe umepita huyu asubuhi, bega kwa bega, hata hukumwangalia. Wewe unaogopa kona."

Siwezi kuwaeleza nilivyojisikia. Mwaka mzima sikuweza kusema mbele yenu, na mwanamke niliyemjua kwa saa mbili alikuwa ananingoja niseme.

"Hapakuwa na ng'ombe," nikasema. Nikamwambia lori, maji, breki, na yale mabasi niliyopanga kurudia kupanda.

Hakunipa pole. "Nani alikufundisha?"

"Mimi mwenyewe."

"Inaonekana. Unaangalia gurudumu la mbele." Akainuka kwa shida, akanipeleka ukingoni mwa uwanja, akanyoosha mkongojo. "Lile paa, unaliona? Hapo ndipo kona ya saba inaisha. Sasa hesabu."

Nikahesabu. Zote saba zilikuwa wazi chini yetu, utepe mweusi umetupwa juu ya kijani.

"Chai inakufika wapi?"

"Kiunoni."

"Basi inaficha nini? Kuna lori?"

"Hakuna."

"Sasa breki ni ya nini? Enda. Usiangalie barabara ulipo, angalia unapotaka kutokea. Hiyo pikipiki ina adabu, itakufuata."

Mara ya pili niliingia kona ya kwanza nikiwa nimegeuza kichwa, nikitazama ng'ambo ya chai mahali barabara inapotokea. Mikono ilikuwa bado migumu. Kona ya pili ikaja, vidole vikataka breki, macho yakakataa kurudi chini. Na pikipiki ikalala. Sikuisukuma. Ililala yenyewe, polepole, upande wa kushoto, na kijani chote kikainuka kuja usoni mwangu, mlima ukainama, mbingu ikainama, na mimi peke yangu nikawa nimenyooka katikati ya dunia iliyoegemea upande. Harufu ya chai mbichi ikaingia ndani ya helmeti. Halafu ikainuka, ikalala kulia, na mlima mwingine ukaja. Nilisahau kuhesabu. Nilifika kwenye banda nikiwa nalia, na wachumaji wawili wakaniuliza kama nimepigwa na nyuki.

Niliporudi juu nikazima, Mwalimu alichomoa ufunguo, akaanza kuufungua kutoka kwenye ile ngozi.

"Hukuongea na breki," akasema tu.

Nilikata kipande cha kamba yangu ya buluu, nikafunga ufunguo. Ililingana na uzi wa kile kiti, nikashtuka. Kiti chenyewe nitakishona upya kwa uzi mweusi, mishono sawa, sijabadilika kiasi hicho.

Ndipo Mwalimu akauliza, akiitazama Kabati na masanduku yake: "Na hii nyingine itaenda na nani?"

Nikafungua daftari, kana kwamba jibu liko humo. Mambo sitini na mawili, rangi tatu, na hakuna mahali nilipoandika kwamba mtu mmoja hawezi kuendesha pikipiki mbili kurudi nyumbani.

Mwalimu alisubiri nimalize kuona aibu. "Itakaa hapo na ng'ombe hadi uje na mwenzako," akasema. Nikampa ufunguo wa Kabati. Akaufungua kutoka kwenye kamba ya zamani niliyokuwa nimeufungia, akabaki na ufunguo, akanirudishia kamba mkononi. "Hii enda nayo. Kamba inabaki na mwenyewe, na hiyo hujauza."

Bomet hadi nyumbani

Nililala kwake, Jumapili tukaenda kanisani, na baada ya ibada nikaondoka. Hadi Kericho ilikuwa karamu ya macho. Baada ya Kericho chai ilianza kwisha, miti ikaanza kukaribia barabara.

Pale msituni hakuna cha kuona ng'ambo. Niliikaribia kona yangu nikatafuta mwisho wake, mwisho haupo. Kilichopo ni pale tu miti inapokubali uone. Nikatazama hapo. Nilivyosogea miti ikaendelea kukubali, kidogo, kidogo tena. Kukatokea lori, kweli lilitokea, upande wake. Macho yakabaki yanapotaka kutokea. Nyekundu ikalala, ikapita, ikainuka.

Nilikwenda mbele kidogo, nikageuza, nikaipita tena. Nikageuza. Nikaipita mara ya tatu. Ilikuwa kona ya kawaida tu, fupi kuliko nilivyoikumbuka.

Kando yake kulikuwa na mama anauza karoti. Mara ya nne alisimama, akanipungia mkono nisimame.

"Wewe msichana, unaenda unarudi, unaenda unarudi. Umepoteza nini?"

Nilikuwa na kamba ya Kabati mkononi, nimeizungusha kwenye kidole. Sijui nini kiliniingia.

"Ng'ombe," nikasema.

Akaiangalia ile kamba, uso wake ukajaa huruma ya kweli. Akaweka karoti chini, akakinga macho kwa mkono, akaanza kumtafuta pamoja nami kati ya miti.

"Pole, mama. Ni wa rangi gani?"

Mwaka mzima nimeishi na ng'ombe huyo, nyinyi nyote mnamjua, na sikuwahi kumpa rangi.